Fundi wa Mabomba Atazama Mabomba Yake

Shebwana Mwidau, fundi wa mabomba wa Guraya,
alikuja Jumanne ameshika ubavu wa kushoto
kama mtu aliyeficha yai ndani ya shati.
Siku tatu hajalala. Maumivu, alisema, yanatoka mgongoni,
yanashuka hadi kinenani, yakifika yanageuka, yanapanda tena,
"kama mpangaji aliyesahau ufunguo."

Nilimpa kanzu ya hospitali, ya kufungwa nyuma kwa kamba mbili,
moja imekatika.
"Mficha uchi hazai," akasema, "lakini mimi nimeshazaa saba,
nadhani sasa naruhusiwa kuficha."

Nikamwonya: dawa ikiingia utahisi joto la ghafla,
utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Kila mtu hudhani.
Akajibu kuwa mtu wa miaka sitini na moja
hadanganywi na mkojo wake mwenyewe.
Kitanda kikaingia ndani ya pete. Mashine ikasema
vuta pumzi, ishike,
na nyuma ya kioo nikamwona anainua kichwa
kuchungulia mapaja.

Tukangoja. Dawa haina haraka:
hupita na damu, huchujwa, hushuka,
na kila inaposhuka hung'aa.
Ukipiga mapema waona figo tupu,
ukichelewa yote imeshajaa kibofuni.
Kazi yangu ni kutazama saa, na kusikiliza feni,
na mfereji wa kunawia uliokuwa ukidondoka nyuma yangu
tangu Ramadhani iliyopita.

Slesi mia sita za Shebwana,
kila moja nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kompyuta ikazipanga, ikazibandika, ikavua ngozi,
ikavua nyama, ikabakisha mifupa michache kwa adabu,
na mbele yangu, juu ya weusi, yakasimama
maji yake.
Vikombe vya figo. Mirija. Kibofu
kama dafu lililotundikwa chini kabisa.

Kanuni ni kwamba mimi sisemi. Anayesema ni daktari,
ghorofa ya pili, kesho.
Lakini alikuwa ameshasimama mlangoni.
"Huyo ndiye mimi?"
Nikamzungusha kwa kipanya. Mbele. Ubavuni. Mgongoni,
upande ambao mtu huukabidhi wengine wautazame.

Akanyamaza vile anavyonyamaza fundi
akiingia nyumba ya watu, akisikiliza kuta kwanza.
"Aliyelaza laini hii hakutumia kiwiko hata kimoja.
Hakuna kiungo. Hakuna gundi. Tazama mteremko."
Kidole kikahamia kulia. "Na hapa ametoa mbili."
Kweli: figo ya kulia ilikuwa na mirija miwili,
inashuka sambamba, kila mmoja na mlango wake.
Wapo watu hivyo.
"Miaka yote hii nina laini ya akiba," akasema,
"nami nanunua maji ya mkokoteni."

Kisha, taratibu, kushoto.
Juu mrija ulikuwa umevimba kama kidole gumba.
Kabla tu ya kibofu, punje nyeupe. Baada yake, giza.
"Pale ndipo. Huku juu ni kelele tu."
Akauliza ukubwa. Nikapima: milimita saba.
"Mbaazi," akasema,
kama mtu mzima aliyetukanwa na mtoto.

Hakuondoka. "Miaka arubaini nachimba Mombasa hii
kwa kubahatisha, sururu na dua.
Mungeupiga mji hivi, binti,
mukauzungusha hivi,
tungejua maji ya Guraya hunywewa na nani."

Halafu akatega sikio. "Mfereji wenu unavuja."
Nikamwambia tumeandika barua tatu.
Akaniomba bisibisi, nikampa makasi ya plasta.
Akainama, mgongo wazi, sindano bado imebandikwa mkononi,
mara mbili nikaona shingo inakakamaa, akangoja, akaendelea,
akatoa kijipira cheusi, akakipindua, akakirudisha.

Sikujua kuwa chumba kile kina kimya.
Kwenye kioo figo zake zilikuwa zikizunguka bado,
nilisahau kuzisimamisha.